Goli la Nne

Tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Yugoslavia walikuwa wanaongoza Zaire kwa magoli matatu na mechi haijafika hata nusu saa. Bajević alikuwa amefunga dakika ya 8, Džajić dakika ya 14, Šurjak dakika ya 18. Dakika ya 21 benchi la Zaire likafanya kitu ambacho hukioni mara nyingi kwenye Kombe la Dunia: likamtoa kipa ambaye hajaumia. Kazadi Mwamba akatembea kuelekea nje. Akaingia Tubilandu Dimbi, kipa wa akiba, mtu mfupi wa kimo, akasimama kati ya milingoti.

Dakika ya 22 mpira ulikuwa wavuni tena. Mfungaji, Josip Katalinski, hakuwa hata straika. Alikuwa beki.

Mechi iliisha 9-0, na watu wakiizungumzia siku hiyo hutaja hiyo tisa. Mimi nimekwama kwenye goli la nne. Matatu ya kwanza, ukitaka, mbebeshe Kazadi. Matano ya mwisho, ukitaka, sema timu ilikuwa imeshakata tamaa. Lakini la nne lilikuja kama jibu la mtihani. Kipa kabadilishwa, mabeki ni walewale, nafasi kati yao ni ileile, na wavu umetikisika vilevile. Kama ugonjwa ulikuwa Kazadi, ungetoka uwanjani pamoja naye.

*

Hii hadithi nilianza kuifuata baada ya kuacha chuo. Mwaka wa tatu karo ilikwama, nikarudi nyumbani Waberi, hapa Garissa, na usiku wangu mwingi ukawa wa simu kwa sababu bando la usiku ndilo naliweza. Huko kwenye simu, Zaire ya 1974 ni kichekesho. Ni video fupi yenye muziki wa katuni: beki anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu ambao si wa timu yake. Watu wanacheka, wanashea, wanaendelea na maisha. Hakuna anayeuliza hawa walikuwa kina nani.

Walikuwa mabingwa wa Afrika. Machi ya mwaka huohuo, kule Misri, walitoka sare ya 2-2 na Zambia kwenye fainali ya Kombe la Mataifa, ikabidi fainali irudiwe, wakashinda 2-0. Magoli yote manne yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba, ambaye alimaliza mashindano akiwa na magoli tisa. Miezi michache kabla ya hapo walikuwa wamefuzu Kombe la Dunia, nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko.

Kazadi naye hakuwa kipa wa kuokotwa njiani. Alitoka TP Englebert ya Lubumbashi, ile tunayoijua leo kama TP Mazembe, klabu iliyochukua ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968. Beki wa kulia Mwepu Ilunga, yule wa video, alikuwa wa klabu hiyohiyo. Lubumbashi ni mji wa Kiswahili. Kelele walizokua wakizisikia uwanjani kwao, wewe na mimi tungezielewa.

Na kuna mechi moja ambayo haimo kwenye zile video. Tarehe 14 Juni, mjini Dortmund, Zaire walicheza na Scotland. Walifungwa 2-0, Lorimer dakika ya 26 na Jordan dakika ya 34, kisha wakafunga mlango. Kipindi kizima cha pili Scotland hawakupata kitu. Golini alikuwa Kazadi, na mbele yake mabeki wale wale. Siku nne baadaye kipa huyu huyu akaonekana hafai kumaliza hata nusu saa.

Yugoslavia walikuwa wakali, ndiyo. Walikuwa wametoka kuwabana Brazil 0-0. Hata hivyo, kutoka timu inayomaliza dakika 45 bila kufungwa na Scotland hadi timu inayofungwa tisa, kuna pengo ambalo mikono ya mtu mmoja haiwezi kulieleza. Kati ya tarehe 14 na 18 kulitokea kitu, na hakikutokea golini. Nitakifikia.

*

Kwanza tuelewane kuhusu jinsi goli linavyoingia, kwa sababu hapa ndipo mabishano yote ya mtaani huharibika.

Waberi kwa Kisomali ni alfajiri, lakini boli letu ni la jioni. Mchana jua la Garissa halina mchezo, kwa hiyo tunaanza baada ya swala ya alasiri na tunakoma adhana ya magharibi ikilia. Uwanja ni vumbi tupu, mbuzi wana haki ya kupita, na golini hukaa mdogo kuliko wote, au mgeni, au yule ambaye hakuna aliyemchagua. Kipa wa mtaa hajaomba kuwa kipa. Kisha goli likiingia, watu kumi wanageuka kwa pamoja: "Warya! Kipa! Unalala?"

Nimekaa pembeni mwa uwanja huo jioni nyingi kiasi cha kuijua safari ya goli. Straika anapoteza mpira kule mbele, anasimama na kushika kiuno. Kiungo aliyekuwa karibu haendi kuziba, anadhani mwenzake ataenda. Beki wa pembeni alikuwa amepanda kushambulia na sasa anarudi akitembea. Beki wa kati analazimika kutoka nafasi yake kwenda kumkabili winga, na nyuma yake kunabaki shimo la upana wa tuktuk mbili. Mpira unapigwa kwenye shimo hilo. Kipa anabaki ana kwa ana na mtu, hatua sita, sekunde moja. Akidaka, ni kazi yake. Asipodaka, kafungisha.

Straika aliyepoteza mpira huwa wa kwanza kupiga kelele. Yuko mbali, ana pumzi.

Ulinzi ni kazi ya kuzibana nafasi. Watu kumi na mmoja wanahama pamoja, mmoja akitoka mwingine anaziba alipotoka. Mmoja asipoziba, kosa lake halionekani hapohapo. Linasafiri. Linampita huyu, linampita yule, na linaonekana likiwa limefika kwa mtu wa mwisho, ambaye hana tena wa kumpasia. Ndiyo maana jicho linamkuta yeye. Yeye ndiye aliyesimama pale kosa la wengine lilipokosa mahali pengine pa kwenda.

*

Mfano mkubwa kuliko wote wa jambo hili uko Brazil, na nikiutaja ni kwa sababu ukiutazama vizuri unaona safari nzima ya kosa.

Tarehe 16 Julai 1950, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Brazil walihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili wawe mabingwa wa dunia. Friaça akawatanguliza mwanzoni mwa kipindi cha pili. Dakika ya 66, winga wa kulia wa Uruguay, Alcides Ghiggia, alimpita Bigode, akakata krosi, Schiaffino akasawazisha. Dakika ya 79 Ghiggia akampita Bigode tena, upande uleule. Kipa Moacir Barbosa, ambaye alishaona filamu hii dakika 13 zilizopita, akasogea hatua moja kuitegea krosi. Ghiggia akapiga moja kwa moja kwenye upenyo kati ya Barbosa na mlingoti. 2-1. Uwanja wenye watu karibu laki mbili ukanyamaza.

Sasa hesabu mwenyewe. Kwa dakika 13 kila mtu Brazil alijua hatari inatokea wapi. Hakuna aliyeshuka kumsaidia Bigode. Beki wa kati Juvenal hakufika kuziba. Benchi halikubadilisha chochote. Na washambuliaji waliokuwa wamefunga magoli kwa vikapu mashindano yale walipata goli moja tu siku ambayo goli la pili lingetosha. Lakini jina lililobaki ni Barbosa. Bigode na Juvenal walipewa vipande vyao, na wote watatu walikuwa weusi, jambo ambalo Wabrazili wenyewe wameliandika sana tangu wakati huo. Mwaka 1993 Barbosa alikwenda kuwatembelea wachezaji wa timu ya taifa kambini, akazuiwa asije akawaletea mkosi. Alifariki mwaka 2000. Alikuwa na kawaida ya kusema kwamba kifungo kirefu kuliko vyote katika sheria ya Brazil ni miaka 30, na kwamba yeye alikuwa ameshatumikia zaidi ya hapo kwa kosa lisilokuwa lake peke yake.

Faida ya kumwangushia mtu mmoja jumba bovu ni kwamba wengine kumi, na kocha, na chama, wanalala usingizi. Maswali magumu yanaisha.

*

Turudi Gelsenkirchen, dakika ya 22, kwa sababu goli la nne halikuishia wavuni.

Wachezaji wa Zaire walimzingira mwamuzi Omar Delgado wa Colombia, wakilalamika. Katika purukushani ile mtu mmoja akampiga mwamuzi teke kwa nyuma. Delgado aligeuka, akatoa kadi nyekundu, akamtoa nje Ndaye Mulamba.

Hakuwa Mulamba. Aliyepiga teke alikuwa Mwepu Ilunga, na Mwepu mwenyewe alikuja kulisema hilo. Wachezaji walijaribu kumweleza mwamuzi pale pale. Haikusaidia. Yule mtu wa magoli tisa, mfungaji bora wa Afrika, akatoka uwanjani kwa mguu wa mtu mwingine, na mechi na Brazil akaikosa. Jezi zilikuwa sawa, rangi zilikuwa sawa, na kwa macho ya mwamuzi hiyo ilitosha.

Hapa ndipo mimi, mtoto wa Garissa, niliacha kuitazama video hii kama mechi.

Kuna methali ambayo kila mtu anaijua: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Inasemwa jikoni, inasemwa darasani, na watu wanaiona ya busara. Kwetu ilishawahi kuwa sera. Novemba 1980, baada ya watumishi wa serikali kuuawa hapa mjini, vikosi vya usalama vilichoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya watu kwenye uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, wakakaa hapo kwa siku kadhaa. Februari 1984, kule Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, na wengi hawakurudi makwao. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika haya yote kwenye ripoti yake ya 2013. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2014, baada ya mashambulizi Eastleigh, polisi waliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wakawapeleka kuwachambua Kasarani. Ndiyo, Kasarani ile ya boli.

Sisemi kadi nyekundu ni sawa na kuchomewa nyumba. Ninachosema ni kwamba kuna njia mbili za kukwepa kazi ya kumtafuta mhusika. Ya kwanza ni kumtwika mmoja makosa ya wote: hiyo ni ya Kazadi na Barbosa. Ya pili ni kuwatwika wote kosa la mmoja: hiyo ni ya Mulamba, na ya watu wa kwetu. Zinaonekana kama kinyume, moja inabana na nyingine inatapanya, lakini zimezaliwa nyumba moja. Zote mbili zinaanza na mtu mwenye filimbi ambaye hataki kutazama mara ya pili.

Watu wa mkoa huu wanaielewa njia ya pili bila kufundishwa. Kila kituo cha ukaguzi kwenye barabara ya kwenda Nairobi ni somo. Abiria hamsini wanashuka kwenye basi, vitambulisho mkononi, wakisubiri kuthibitisha kwamba si wao. Ndiyo maana hunishangaza kwamba jioni ileile tunashuka uwanjani na kuitumia njia ya kwanza kwa mtoto wa miaka 14 aliyesimama golini.

*

Sasa kile kilichotokea kati ya tarehe 14 na 18.

Rais Mobutu Sese Seko aliifanya timu ile kuwa mali ya serikali. Chui wa Zaire walikuwa tangazo lake kwa dunia, na wachezaji walishapewa zawadi na ahadi za zawadi kubwa zaidi. Kule Ujerumani, baada ya mechi ya Scotland, wachezaji waligundua kwamba posho zao hazipo. Msafara ulikuwa umejaa wakubwa wa serikali na watu wao, na pesa za wachezaji zilikuwa zimeishia njiani. Kwa maelezo ya Mwepu, wachezaji walisema hawachezi na Yugoslavia. Wakashawishiwa, wakatishwa, wakaingia uwanjani. Waliingia kwa miguu tu.

Ulinzi ni sehemu ya kwanza kuonyesha kwamba timu haina moyo. Kushambulia unaweza kushambulia kwa sifa, kwa ajili ya jina lako. Kukimbia mita 40 kurudi nyuma kuziba nafasi aliyoiacha mwenzako, hakuna kamera inayokuona, unafanya kwa sababu mna makubaliano. Makubaliano yakivunjwa na watu wa juu, kitu cha kwanza kufa ni zile mita 40. Mechi ile unawaona: mtu anafika amechelewa hatua mbili, mwingine anasimama akitazama. Wavivu hawakuwa, Cairo walishajulikana. Walikuwa wafanyakazi ambao hawajalipwa.

Aliyekula zile pesa hakuwa uwanjani dakika ya 22. Hakuwa na namba mgongoni. Ndiyo maana alitolewa kipa.

Na hata kuhusu kumtoa kipa, kuna maneno. Kocha Vidinić alikuwa Myugoslavia, kwa hiyo baada ya 9-0 dhidi ya Yugoslavia kila mtu alijua la kusema: kauza mechi. Lawama nyepesi nyingine hiyo. Vidinić mwenyewe alikuwa kipa enzi zake, alikuwemo kwenye kikosi cha Yugoslavia kilichochukua dhahabu ya Olimpiki ya 1960, na alijua kipa akitolewa hivyo anajisikiaje. Baadaye alidai kwamba amri ya kumtoa Kazadi haikuwa yake, ilitoka kwa afisa wa wizara. Kama ni hivyo, basi mtu asiyejua mpira alishuka mpaka kwenye benchi kuchagua wa kulaumiwa, na mechi bado inaendelea.

Tarehe 22 Juni wakacheza na Brazil. Kazadi alirudishwa golini, jambo ambalo peke yake linakuambia kama kweli yeye ndiye aliyekuwa shida. Kwa maelezo ya wachezaji, walikuwa wameonywa na watu wa Mobutu kwamba wakifungwa manne wasirudi nyumbani. Walifungwa matatu. La tatu, la Valdomiro, lilimpenya Kazadi chini ya mwili, na lilikuwa goli la kawaida la kipa kukosea. Nalisema wazi kwa sababu kutetea kipa si kusema kipa hakosei. Anakosea. Lile ni lake. Yale mengine ni ya wote.

Na ilikuwa kwenye mechi hiyo, karibu na mwisho, ndipo Brazil walipopata mpira wa adhabu nje ya boksi na Mwepu akachomoka kwenye ukuta na kuubutua mbali kabla haujapigwa. Akapewa kadi ya njano. Dunia ikaamua: Mwafrika hajui sheria za mpira. Bingwa wa Afrika, mtu wa TP Mazembe, hajui friikiki ni nini. Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza kwamba sheria alizijua vizuri sana. Alitaka mwamuzi amtoe. Aliona hakuna sababu ya kuendelea kujiumiza wakati wengine wanakula pesa. Ukiiangalia ile video tena ukijua hivyo, muziki wa katuni unakera.

Mwepu alifariki mwaka 2015. Mulamba alipata mabaya zaidi. Mwaka 1994 Shirikisho la Soka Afrika lilimtunuku kule Tunisia, akarudi nyumbani, watu wenye silaha wakamvamia wakiamini amerudi na pesa, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa la Burkina Faso, watu walisimama kimya kwa dakika moja kumkumbuka marehemu Mulamba, na marehemu alikuwa hai Cape Town, akihangaika. Alifariki kweli mwaka 2019. Pesa alizodhaniwa anazo, kama zile za posho, zilikuwa kwa watu wengine.

*

Mwaka jana mtu aliniambia kwamba haya mambo ya "timu nzima" ni maneno ya watu walioshindwa. Mtu lazima awajibike, akasema. Nakubali mtu lazima awajibike. Swali langu ni kama tumemhesabu kila aliyehusika kabla ya kumtaja mmoja.

Maana ulinzi wa wote nao tumeuona kwa macho yetu. Tarehe 10 Agosti 2025, kwenye CHAN, Harambee Stars walicheza na Morocco uwanjani Kasarani. Uwanja ule ule wa Aprili 2014, safari hii umejaa jezi nyekundu, na Wasomali wa Eastleigh na wa Garissa tumo humo tukipiga kelele kama wenye nyumba. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42. Kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akapewa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili Kenya ilicheza na watu kumi dhidi ya timu ambayo ilikuwa imeshachukua CHAN mara mbili.

Tulishinda 1-0. Ukiniuliza nani alituokoa siku hiyo, sina jina moja la kukupa. Straika alikuwa beki. Winga alikuwa beki wa pili wa pembeni. Mtu akipitwa, mwingine ameshafika. Kadi ya Erambo ingeweza kuwa habari ya wiki nzima, "Erambo atuangusha", lakini wenzake walikimbia zile mita zake, zikagawanywa kwa kumi, na jina lake likasalimika. Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee walisema, na hawakuwa wameiona ile mechi.

Siku 12 baadaye, robo fainali, sare ya 1-1 na Madagascar, tukatolewa kwa penalti 4-3. Kabla sijafika nyumbani simu ilikuwa imejaa majina ya waliokosa. Watu walewale waliokuwa wakisema "sisi" tarehe 10 sasa wanasema "yule". Nilizima data.

Kwa hiyo ukinikuta kwenye mabishano nitakuomba kitu kimoja: rudisha video nyuma sekunde 20 kabla ya goli. Tazama mpira ulipotea wapi. Tazama nani alitembea. Kisha ikiwezekana rudisha zaidi, hadi hotelini, hadi kwenye bahasha za posho. Kipa utamwona mwishoni kabisa, na ukimkuta na kosa lake, mpe hilo lake tu.

Kuhusu Gelsenkirchen, hesabu ni rahisi. Kazadi Mwamba alikaa golini dakika 21, akafungwa matatu. Tubilandu Dimbi alikaa dakika 69 zilizobaki, akafungwa sita. Anayetaka kumlaumu kipa itabidi kwanza achague yupi.